Mbao za Bi Goti

Benchi letu liko nje ya saluni ya Wembe, upande wenye kivuli, na lina miguu mitatu na tofali moja. Wembe hukaa karibu na mlango ili mteja akija asipate kisingizio cha kupotea. Anayemfuata ni Katibu, aliyestaafu ukarani wa ofisi ya ardhi lakini hajastaafu kusema. Halafu Breki, dereva wa malori wa zamani, mtu aliyezunguka kote na hakushuka garini. Mwisho ni mimi, fundi viatu, niliyefungiwa pembeni na kisanduku changu cha misumari. Shangazi mwenye kahawa hutukalia mbele kwenye kigoda, birika lake juu ya makaa. Ng'ambo ya barabara kuna kiwanja cha vumbi kando ya ghala, na humo kila alasiri mwanamke mmoja mgeni hupiga goti moja chini na kuwavingirishia watoto kimpira cheupe. Tukamwita Bi Goti. Anasema anafundisha besiboli. Sisi tulisema anasema hivyo.

Kijiwe chetu kina sheria moja tu: hatuendi kuuliza. Barabara yenyewe unaivuka kwa kupiga chafya mbili, lakini ukienda kuuliza utajibiwa, na ukishajibiwa mazungumzo yamekufa, na kahawa ya Shangazi italala. Kwa hiyo tulikuwa tunamchunguza Bi Goti tukiwa tumekaa, kama watu wenye heshima zao.

Siku hiyo alikuja Randa, seremala wa karakana ya jirani. Vumbi la mbao lilikuwa limemfika mpaka kwenye nyusi, na futi yake ya kupimia inaning'inia mfukoni. Hakukaa.

Randa: Jamani, nina neno na sina muda. Lile gari mnaliona?

Tuliliona. Basi dogo jeupe kwenye lango la kiwanja, mlango wazi, watoto wanapakia mabegi.

Randa: Linawapeleka mji wa pili, kwenye mashindano. Watalala huko. Binti yangu yumo. Yaani, atakuwemo nikisema ndiyo. Bi Goti hachukui mtoto wa mtu bila neno la mzazi. Mama yake kasema, wewe ndiye baba, amua. Nimemwacha kakalia begi pale ukutani kwa ghala, ananitazama. Nyie ndio mnaomwona huyu mama kila siku. Nimpe au nisimpe?

Niliona macho ya Katibu yanawaka. Mwaka mzima hakuna aliyewahi kumwomba ushauri akiwa na haraka.

Katibu: Kaa kwanza.

Randa: Sikai.

Katibu: Aliyesimama haelezwi akaelewa. Shangazi, mpe kahawa. Wahenga walisema, mchezea tope humrukia.

Randa: Hiyo inahusu nini?

Katibu: Itahusu mbele.

Randa akakaa nusu, kwa paja moja, upande wa tofali.

Wembe: Mimi nina moja tu, sitaki kumsingizia mtu. Alikuja hapa saluni. Nikadhani anataka kupunguza. Akasema, "Mwanangu, naomba uniazime kile kioo chako kikubwa." Cha nini, mama? "Watoto wajione wanavyochuchumaa."

Breki: Wajione wanavyochuchumaa?

Wembe: Maneno yake hayo. Ati mtu hajui mgongo wake umekaaje mpaka auone. Nikampa. Mbona alikirudisha kinang'aa kuliko siku niliyokinunua!

Breki: Simama hapo hapo. Nani anarudisha kitu cha kuazima kikiwa kisafi?

Katibu: Anayefuta alama.

Wembe: Tangu siku hiyo kioo chenyewe sikielewi. Nikimnyoa mtu, nahisi tuko watatu.

Mimi sipendi kuwa wa kwanza kumsema mtu, lakini kuwa wa pili sina neno. Nikatoa ushahidi wangu.

Mimi: Na mimi aliniletea mpira uliofumuka. Ngozi nyeupe, mishono myekundu, imepigwa kwa mkono. Nikasema, kabla sijaushona, nichungulie. Chini ya ngozi kuna uzi. Nikavuta. Uzi. Nikavuta tena. Uzi. Shangazi ni shahidi, ulifika mpaka kwenye kigoda chake.

Shangazi: Ukaingia kwenye kahawa.

Mimi: Katikati kabisa nikakuta kidude kidogo, cheusi, kigumu.

Breki: Ukakipasua?

Mimi: Mimi nina wajukuu, Breki.

Katibu: Uzi wote huo, wa kuficha nini?

Mimi: Sijui. Niliuzungusha nilivyoweza, nikashona. Lakini haukurudi kama ulivyokuwa. Ukiuvingirisha unakwenda kushoto, halafu unakumbuka kitu, unaruka kulia. Nikajua leo nitatukanwa. Bi Goti akaujaribu hapa barabarani, akacheka, akasema, "Huu ndio mzuri wa kufundishia. Hauna adabu." Akanilipa na asante juu.

Wakatikisa vichwa wote. Mtu akikushukuru kwa kazi mbovu, shika koti lako.

Breki: Kwangu alitaka tairi chakavu. Nikajua ni za kuchoma. Kumbe kazisimamisha pale ukutani, watoto wanarusha mpira upite kwenye tundu. Sasa nifafanulieni nyie mliosoma. Mtoto anaokota kitu chini, hainui kichwa, anakipitisha kwenye tundu. Hilo ni somo la shule gani?

Katibu: Mimi hakuniomba kitu.

Wembe: Kwa sababu huna kitu.

Katibu: Hapana. Ndiyo maana mimi namshuku zaidi yenu nyote. Kinyozi kamfikia, fundi viatu kamfikia, dereva kamfikia. Mimi niliyekalia ramani za mji huu maisha yangu yote, ananipita na salamu. Kwa nini ananikwepa?

Swali lile lilikuwa zito kidogo. Breki akapuliza kahawa yake. Mimi nikapigilia msumari mmoja kwenye kisigino ambacho hakikuuhitaji.

Randa: Mimi nilimkatia mbao.

Katibu: Mbao gani? Mbona hukutuambia?

Randa: Kazi ya mteja ni siri ya mteja. Mbao bapa, upana wa sahani, nyuma nimeweka ukanda wa mpira wa kuingiza vidole. Mtoto anauvaa ubao kiganjani badala ya glavu ya kudakia. Nikamwambia, mama, mimi fundi, lazima nikwambie ukweli, ubao huu hautashika mpira. Akasema, "Hautashika, ndiyo maana nautaka."

Katibu: Rudia hapo.

Randa: "Hautashika, ndiyo maana nautaka." Ati mtoto akiwa na glavu anajidanganya mkono mmoja unatosha. Akiwa na ubao, mpira unamdundia na kukimbia, mpaka mwenyewe aulete mkono wa pili kuufunika. Zote akataka za kuvaa mkono wa kushoto, wa kulia ubaki wa kurushia. Nikakata. Wa binti yangu niliupiga msasa mara mbili.

Breki: Kifaa kisichofanya kazi, kimeagizwa makusudi kisifanye kazi, na fundi kalipwa. Randa, ndugu yangu, umeliwa na hujui umeliwa wapi.

Ng'ambo kule, mabegi yalikuwa yamekwisha kupakiwa na Bi Goti hakutaka hata ule muda mdogo upotee. Kawapanga watoto mstari mmoja. Miguu wazi kuliko mabega, viuno chini, mikono mbele karibu na ardhi, viganja vinatazama mbele. Sauti yake ilitufikia safi, maana mwanamke yule ana sauti ya kuuzia samaki.

"Mikono mbele, siyo chini ya tumbo! Tumboni huna macho!"

"Pua iufuate mpira mpaka uingie!"

"Anzia chini, ndipo upande juu! Ukianzia juu umechelewa!"

"Usiusubiri! Ufuate wewe!"

Katibu: Mmesikia? Usiusubiri! Wahenga wamesema subira yavuta heri, na yeye anawaambia watoto wa watu usiusubiri. Huyo amekuja kubomoa malezi.

Shangazi: Si anasema mpira?

Katibu: Leo mpira. Kesho mume.

Shangazi akacheka mpaka akashika birika kwa kanga. Lakini Randa hakucheka. Alikuwa anaangalia ukutani, na mimi nikafuata macho yake. Mtoto alikuwa pale, wa miaka kumi na mbili hivi, mwembamba, amekalia begi, magoti pamoja. Hakuwa kwenye mstari na wenzake. Alikuwa anasubiri neno la baba yake, na alikuwa anasubiri kwa adabu kiasi cha kukera.

Wembe: Tazameni sasa, tazameni! Wameanza ile ya bila mpira.

Kweli. Bi Goti hakuwa na mpira mkononi. Akapiga kofi, na mstari mzima wa watoto ukapiga hatua, ukashuka, ukafunika hewa kwa mikono miwili, ukaivuta kifuani, ukairusha. Kofi tena. Wakaokota hewa, wakarusha hewa.

Breki: Mimi mchezo huu niliuona, nyumba ya wageni moja, runinga haina sauti. Kule mtu anashika rungu. Anaupiga mpira, anakimbia. Rungu! Sasa huyu tangu mvua zikatike anawafundisha watoto, na mimi macho yangu hayajaona rungu. Ni harusi gani hii ya kupika tu, bibi harusi hayupo?

Wembe: Labda rungu ni la mwisho.

Breki: Au rungu halipo kwa sababu mchezo haupo.

Hapo ndipo Katibu alipovuta kola yake, na anapovuta kola yake tunajua ofisi imefunguliwa.

Katibu: Nilikuwa sitaki kusema. Mmeona vile viroba vinne vya mchanga? Kaviweka pembe nne, umbali sawasawa, pembe zimekaa mraba kabisa. Mimi nimeona wapima ardhi wengi. Yule hafundishi mtu. Anapima kiwanja. Watoto ni pazia. Wao wanainama, sisi tunatazama wanaoinama, yeye anasoma mipaka.

Wembe: Na kioo?

Katibu: Cha kurudishia mwanga. Mpimaji wa zamani hakosi kioo.

Wembe: Kioo changu kimepima ardhi!

Breki: Kiwanja cha vumbi nani akitake, Katibu? Nyie mnaona karibu. Sikilizeni mtu aliyepita mipakani. Mtazame yule wa katikati. Anaokota. Hatembei nacho, anamrushia wa pili. Wa pili hakikai hata mkononi, kishafika kwa wa tatu. Kitu kilikuwa huku, kufumba na kufumbua kiko kule, na ukimkamata yeyote, mikono mitupu. Huo unaitwa mnyororo. Magendo yote duniani yanakwenda hivyo. Na ndani ya mpira, fundi viatu kasema mwenyewe, kuna kidude.

Mimi: Kidogo sana.

Breki: Vidogo ndivyo ghali.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimekishika kile kidude, nikakinusa, kilinuka raba ya kiatu. Ningeweza kusema. Lakini Breki alikuwa amekolea, na kumkata mtu aliyekolea ni ukatili.

Shangazi: Labda ni mchezo tu, jamani. Watoto wanacheza.

Wembe: Shangazi, wewe mimina.

Breki: Mchezo! Mchezo unafundishwa kwa kilio? Juzi hamkumwona yule mdogo, mpira ulivyomruka ukampiga kifuani? Bi Goti akamkimbilia? Hata! Akamwambia, "Umefanya vizuri, umeuzuia kwa kifua, sasa uokote." Vizuri! Mtoto kapigwa, kaambiwa vizuri. Hiyo ni kambi. Unajua ni kitu gani kinachokuja kinabingirika chini, unatakiwa usikikimbie, ukifuate, ukidake, ukirudishe kilikotoka kabla hujahesabu?

Wembe: Nini?

Breki akatazama huku na huku, akashusha sauti.

Breki: Bomu la mkono.

Hata Katibu aliogopa, ingawa ilimuuma kwamba halikuwa lake.

Katibu: Naam. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wembe: Hapo inahusu nini?

Katibu: Watoto ndio wa kuziba ufa.

Dereva wa lile basi akapiga honi. Randa akasimama, akakaa, akasimama tena. Tofali likalia.

Randa: Sasa nyie mnaniua. Mimi nilikuja nikitaka kusikia maneno mawili, yule mama ni mtu wa kuaminika au si wa kuaminika. Nisikilizeni na mimi. Huyu mtoto wangu alikuwa hasemi. Shule, nyumbani, kimya. Ukimtuma anakwenda, ukimwita anakuja, kama mgeni aliyefikia kwangu. Tangu aanze kule, anaamka bila kuamshwa. Anapiga kimpira ukutani kwa karakana, kinamrudia, anakiokota, pa, pa, pa, mpaka nashindwa kuzipima mbao. Jana kanikuta nakula akaniambia, "Baba, unajua mpira ukiruka vibaya hutakiwi kugeuza uso? Ukigeuza ndipo unapokupiga." Kanieleza mpaka chakula kimepoa. Mimi! Kanieleza mimi! Sasa nikimwambia asiende, sijui nitampata tena lini.

Nilimwonea huruma, na nilijionea haya kidogo kwa ule msumari wa bure na kelele zote zile. Lakini benchi letu likishaanza kuteremka, hata Breki mwenyewe hana breki.

Katibu: Ndiyo hiyo sasa. Mtoto aliyekuwa kimya kaanza kusema. Nani kamfungua? Na anaweza kumfunga?

Wembe: Anamwambia asigeuze uso. Kwa nini asigeuze?

Breki: Randa, kaka, mimi nina binti pia. Mtoto analala mji wa watu na mwanamke asiyejulikana kwao, asiyejulikana alifundishwa na nani, mwenye mchezo usio na rungu. Likitokea la kutokea, utakuja kutuambia nini hapa? Tutasema tulikwambia.

Katibu: Na tutakuwa tulikwambia.

Hilo ndilo lililommaliza. Mtu anaweza kuvumilia balaa, ila kuambiwa "tulikwambia" na Katibu kila alasiri mpaka kufa, hapana. Randa alijifuta uso, vumbi la mbao likahamia kwenye jasho.

Randa: Basi. Nitamwambia achukue begi lake twende nyumbani.

Akasema hivyo na hakuondoka. Tukamtazama. Tulikuwa tumeshinda, na hakuna aliyeonekana kufurahi isipokuwa Katibu, na yeye pia si sana.

Kabla hajainua mguu, dereva wa lile basi alikuwa ameshavuka barabara. Mtu mfupi, mnene, funguo kidoleni.

Dereva: Shikamooni wazee.

Sisi: Marahaba.

Dereva: Randa seremala ni nani hapa?

Breki: Nani anamuuliza?

Dereva: Mimi dereva tu, mzee wangu. Nimetumwa.

Randa: Ni mimi. Mwambie mwalimu naja. Nina neno naye.

Dereva: Na yeye ana ombi. Anaomba ubao mmoja zaidi kabla hatujaondoka, tutakusubiri. Ila huo uwe wa kuvaa mkono wa kulia.

Randa: Wa kulia? Ubao unavaliwa kushoto. Ndivyo alivyoagiza mwenyewe.

Dereva: Wenzake ndiyo. Huu ni wa mtoto anayerusha kwa mkono wa kushoto.

Randa: Mtoto gani?

Dereva akaonyesha kwa kidevu. Ukutani. Begini.

Randa: Yule ni wangu. Yule anatumia mkono wa kulia.

Dereva: Mimi mchezo siujui, nakueleza nilivyotumwa. Mwalimu anasema mpira ukimjia taratibu, anarusha kwa mkono wa kulia, na unakwenda hovyo, wenzake wanakwenda kuutafuta kwenye majani. Lakini ukimjia ghafla, ule ambao hana muda wa kuwaza, anatupa ubao, anaurusha mpira kwa kushoto, unapita kwenye lile tundu la tairi kama uzi kwenye sindano. Halafu anashtuka. Mkono wenyewe anauficha nyuma ya mgongo. Mwalimu kamwambia, mwanangu, tumia huo huo, mtu wa kushoto namsimamisha kwenye kituo cha kwanza, kile kiroba cha kwanza, pale mkono wako ni mali. Hataki. Anasema baba hataki.

Katibu, kwa mazoea tu, maana kimya humuwasha, akatoa methali.

Katibu: Mkono mmoja haulei mwana.

Ndiyo methali pekee niliyomsikia Katibu akiitua mahali pake, na hakuikusudia. Aliposikia alichosema, akainamia kikombe chake.

Randa alikuwa anatazama chini.

Randa: Alipokuwa mdogo nilikuwa naufunga. Mkono ule. Wakati wa kula, wakati wa kuandika. Kitambaa laini, siyo kamba. Nilikuwa namfunga mwenyewe, taratibu, asiumie. Watu walikuwa wanacheka akishika kijiko. Na mimi nikasema, dunia hii haikutengenezwa kwa mtu wa kushoto, msumeno tu unakukataa, mkasi unakukataa. Nikataka azoee.

Dereva hakuwa mtu wa kijiweni. Hakuwa na methali wala nadharia, na honi yake ilikuwa ng'ambo. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza njia.

Dereva: Azoee nini?

Wembe akaangalia mlango wa saluni, na hakukuwa na mteja. Breki, aliyekuwa na jibu la mpaka wa nchi na la bomu la mkono, alisafisha koo na koo likabaki safi. Mimi nilitafuta jibu kwa dhati, wallahi nilitafuta, nikakuta kila linalonijia linaanza na "watu", na sikuweza kumtaja hata mtu mmoja kwa nyumba yake. Nilimtazama Randa na nikatamani nisiwe nimekaa pale.

Randa akatia mkono mfukoni, akatoa futi yake.

Randa: Mwambie mwalimu nakata sasa hivi. Ila nahitaji kipimo cha mtoto.

Akavuka barabara. Alivuka bila kutazama kulia wala kushoto, na Breki akashika kichwa kama bado yuko kwenye usukani.

Tulimwona anafika ukutani. Mtoto alisimama mara moja, akauchukua mkanda wa begi kana kwamba ameshaelewa wanarudi nyumbani. Randa akalitoa begi mkononi mwake, akaliweka chini. Akasema neno, hatukulisikia. Akafungua futi.

Mtoto akanyoosha mkono wa kulia, haraka, kama kwa mwalimu mkali. Ule mwingine ulikuwa umeshakwenda nyuma ya mgongo.

Randa aliutazama ule wa kulia. Hakuupima. Alipeleka mkono wake nyuma ya mtoto, polepole, akautafuta ule uliofichwa, akauleta mbele. Mtoto alikuwa ameukunja. Akamkunjua kidole kimoja kimoja, kama anayefungua kitu alichokifunga mwenyewe na hakumbuki fundo lilikwendaje. Kisha akapiga goti chini kwenye vumbi, akalaza futi pale kiganjani, kuanzia kifundo mpaka ncha ya kidole kirefu. Akapima upana. Akapima gumba. Kazi ya namna ile humchukua punje ya muda, namjua, ni fundi. Siku ile alipima na kupima, na mtoto alikuwa amesimama tu anamtazama baba yake utosini.

Breki: Randa kakosea.

Wembe: Kakosea nini?

Breki: Ubao si umesemwa wa mkono wa kulia?

Wembe: Wa kulia, ndiyo.

Breki: Sasa huo wa kushoto anaupima wa nini?

Shangazi akainamisha birika juu ya kikombe cha Breki, akalitikisa, na hakikutoka kitu.